Tovuti ni Yako, Lakini Funguo Ziko kwa Nani?

Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba, nikiwa navaa viatu nitoke ofisini niwahi msikitini, simu ililia. Alikuwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Diani, mteja wetu wa mwaka wa pili. Salamu zake siku hiyo zilikuwa fupi kuliko kawaida. "Mwanangu," akasema, "tangu Jumatatu sijapata barua pepe hata moja. Na huu ndio mwezi wageni wa Desemba huandika. Kuna nini?"

Nikamjibu upesi: "Mama, tovuti yako iko sawa. Nimeifungua asubuhi hii kwa simu yangu na yafunguka haraka kuliko zamani." Sikusema uongo. Tena moyoni nilikuwa najisifu, maana Jumatatu hiyo ndiyo siku tuliyoihamisha tovuti yake kutoka seva ya zamani iliyokuwa ikisuasua, tukaipeleka kwenye seva mpya. Kazi ya siku moja, haina kelele. Lakini nikiwa nashuka ngazi, lile neno "Jumatatu" likaanza kunisumbua. Siku hiyo safu ya kwanza sikuipata.

Nitarudi kwa huyo mama. Kwanza nijieleze. Mimi na wenzangu watatu twaendesha kampuni ndogo ya kutengeneza tovuti hapa Mombasa. Wateja wetu ni watu wa kwetu: nyumba za wageni, shule, madrasa, maduka ya nguo, wauza vipuri, vikundi vya akina mama. Watu wengi hudhani tabu ya kazi hii ni kompyuta. Siyo. Miaka niliyokaa nayo imenifunza kwamba tovuti nyingi zinazokufa haziuawi na programu mbovu. Zinakufa kwa sababu hakuna aliyeandika mahali popote kitu gani ni cha nani, kimewekwa wapi na nani atakilipia. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema habari za duka na shamba, lakini msemo huu umeikaa kazi yetu kama kofia ya kipimo.

Makala haya nawaandikia watu wawili: mwenye biashara anayetaka kutengenezewa tovuti, na kijana wetu aliyesomea kompyuta anayefikiria kufungua kiofisi chake.

Nyumba bila ardhi

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake Majengo au Kisauni, kuta ni zake, paa ni lake, lakini kiwanja ni cha mwengine na kila mwezi hulipa kodi ya ardhi. Siku mwenye ardhi akiuza, mwenye nyumba hujikuta na mali asiyoweza kuibeba.

Tovuti nayo ina sehemu zake, na kila sehemu yaweza kuwa mikononi mwa mtu tofauti. Ya kwanza ni jina, lile mafundi huliita domeini, ambalo watu huliandika ili wakufikie. Hilo halinunuliwi la milele, husajiliwa na kulipiwa, mara nyingi kila mwaka. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, na husajiliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida hutumia .or.ke, shule za chini na sekondari zina .sc.ke, na vyuo vina .ac.ke.

Ya pili ni mahali tovuti inapokaa, yaani seva. Hii ni kompyuta isiyozimwa usiku na mchana, na wewe wapanga nafasi ndani yake. Ya tatu ni barua pepe zenye jina la biashara yako, ambazo zaweza kukaa seva ileile au mahali pengine kabisa. Juu ya hizo kuna kurasa zenyewe: picha, maandishi na programu inayoziendesha. Wengi hutumia WordPress, ambayo ipo tangu 2003 na haina bei, ingawa fundi wa kuitunza ana bei.

Mteja huona kurasa tu, kwa hiyo akilipia kurasa hudhani amelipia vyote. Kumbe kurasa ni nyumba. Jina ndilo ardhi. Kama jina limesajiliwa kwa mtu mwengine, wewe una nyumba bila ardhi hata kama risiti zote ziko sandukuni mwako.

Fundi aliyekwenda Doha

Aliwahi kuja kwetu mzee mmoja muuza vipuri vya magari. Tovuti yake ilikuwa imepotea. Ukiandika jina lake wapata ukurasa wa matangazo ya kampuni ya kuuza majina. Alikuwa ametengenezewa na kijana mtaani kwake, kijana mwema, mwenye kazi safi. Lakini kijana alisajili jina kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwa rahisi siku ile. Mwaka uliofuata akapata kazi Doha, akasafiri. Namba yake ya Kenya ikafungwa. Ilani za kulipia jina zikaendelea kutumwa kwenye barua pepe ambayo hakuna aliyeifungua.

"Kijana wangu," mzee akaniambia, "lakini hiyo tovuti ni yangu. Jina la duka ni langu, alama ni yangu, cheti cha biashara hiki hapa."

Nilimwambia ukweli uliomuuma. Kampuni iliyosajili jina humtambua aliyeandikwa kwenye usajili, na aliyeandikwa hakuwa yeye. Tulimtafuta yule kijana kupitia jamaa zake. Alipopatikana alisikitika kweli, lakini muda ulikuwa umekwisha na jina lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwengine. Mzee alilazimika kuchukua jina jipya, kupaka upya kibao cha duka, na kuchapisha upya kadi na vitabu vya risiti. Hakuna aliyemwibia. Hapakuwa na mwizi katika kisa hiki, palikuwa na jambo moja tu ambalo halikuandikwa.

Kwa hiyo ukitoka hapa na neno moja, liwe hili: jina lisajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako, kwa barua pepe unayoifungua wewe, na namba ya simu iliyo mkononi mwako. Fundi apewe ruhusa ya kulitumia, asiwe mwenyewe. Kama una tovuti tayari, usingoje kesho. Muulize fundi wako jina limesajiliwa kupitia kampuni gani, kwa jina la nani, na linaisha lini. Kuuliza si ujinga. Na fundi anayekasirika kwa swali hilo ameshakujibu.

Kilichotokea Diani

Sasa turudi kwa mama yangu wa Diani. Jina la tovuti lina orodha ya maelekezo nyuma yake, kama karani wa mlangoni. Anayetaka kuona kurasa huambiwa aende seva fulani. Anayeleta barua huambiwa aende seva nyengine. Barua za huyu mama zilikuwa zikikaa mahali mbali na tovuti yake, na sisi hatukuwa tumeziweka. Ziliwekwa kabla hatujamjua.

Tulipohama tuliiachia kampuni ya seva mpya isimamie orodha nzima. Seva mpya ikaandika orodha yake upya: kurasa ziko kwangu, na barua pia ziko kwangu. Lakini haikuwa na sanduku lolote la yule mama. Kila barua iliyofika ikarudishwa kwa aliyeituma na ujumbe kwamba mtu huyo hayupo. Kurasa zikawa zinafunguka vizuri, nami nikawa natazama kurasa tu. Hakuna aliyetuma barua ya majaribio.

Baada ya swala nilirudi ofisini mbio. Tukatafuta maelekezo ya zamani, na bahati nzuri kijana wetu mmoja alikuwa amepiga picha ya orodha kabla ya kuigusa. Tukayarudisha. Mabadiliko ya namna hii hayaenei mara moja, huchukua saa kadhaa na wakati mwengine hata siku mbili, kwa sababu mitandao mingi duniani hukumbuka jibu la zamani kwa muda. Hadi Jumamosi jioni barua zilikuwa zikiingia.

Zile zilizorudishwa hazikurudi. Seva huweka daftari lake la matukio, na humo tulipata anwani za watu kumi na saba waliokataliwa. Tukampa mama orodha, akamwandikia kila mmoja. Wengine walijibu kwa upole. Kundi moja la wageni kumi na wawili lilikuwa limeshalipa kwengine.

Jumapili nilivuka feri nikaenda Diani mwenyewe. Kuna habari ambazo si za kupelekwa kwa simu. Alinikaribisha, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo nalisoma kwa kila kijana tunayemwajiri: "Mlipokuwa mwahamisha nyumba yangu, hakuna aliyeuliza barua zangu zaletwa mlango upi?"

Sikuwa na jibu. Tulimrudishia fedha za kazi ile yote, na mwaka uliofuata hatukumtoza matunzo. Hiyo haikulipa hasara yake, lakini alibaki nasi.

Inapoharibika, uliza kabla ya kugusa

Kutokana na siku ile tulibadilisha namna ya kutafuta makosa. Zamani simu ikilia, kila mtu alikuwa akirukia kompyuta na kubadilisha hiki na kile. Mara nyengine tatizo liliondoka na hatukujua nini kililiondoa, na hapo likarudi. Siku hizi twafuata mpango, nao hauhitaji elimu kubwa. Hata wewe mwenye tovuti waweza kuuanza kabla ya kumpigia fundi.

Swali la kwanza: haifunguki kwako tu au kwa wote? Zima Wi-Fi, jaribu kwa bando la simu. Mwombe ndugu yako aliye Nairobi au Muscat ajaribu. Ikiwa kwake yafunguka, tovuti haina neno, shida iko kwenye mtandao wako au simu yako inakumbuka ukurasa wa zamani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki. Simu za wateja zilimiminika kwetu kama mvua ya masika, kila mmoja akisema tovuti yake imeharibika. Hakuna hata moja iliyokuwa imeharibika. Fundi mwenye haraka siku hiyo angezifungua na kuziharibu kweli.

Swali la pili: imeandika nini? Usiseme "imekataa". Piga picha ya kioo, utume. Ikiandika 404, seva ipo lakini ukurasa uliotafutwa haupo mahali hapo. Ikiandika 500, seva imepokea ombi na programu iliyo ndani yake imeanguka. Kivinjari kikitoa onyo kwamba tovuti si salama, tazama cheti cha usalama. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo tovuti nyingi hutumia, vina umri wa siku 90, na ile programu ya kuvihuisha ikisimama, cheti hufa kimyakimya. Ikisema akaunti imesimamishwa, mara nyingi hakuna tatizo la kiufundi, kuna deni.

Swali la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote: nini kilibadilika mara ya mwisho? Ramadhani moja mteja wetu mwenye duka la mabuibui na kanzu alitupigia saa tano za usiku. Wanunuzi walikuwa wakilipa kwa M-Pesa, fedha zinakatwa, lakini tovuti inaendelea kusema hujalipa. Wengine walilipa mara mbili. Matusi aliyokuwa akiyapata kwenye WhatsApp siwezi kuyaandika hapa.

Kijana wetu alitaka kuandika upya sehemu yote ya malipo usiku uleule. Nikamwambia akae kwanza. Malipo ya namna hii huenda hivi: tovuti huuomba mfumo wa Safaricom uitwao Daraja utume ombi kwenye simu ya mnunuzi. Mnunuzi huweka namba yake ya siri. Kisha Daraja hutuma jibu kwenye anwani ambayo tovuti ilitoa, likisema amelipa au hakulipa. Kama anwani hiyo haipo, fedha zimeingia kwa mwenye duka lakini tovuti haina habari.

Tukafungua daftari letu. Siku mbili nyuma tulikuwa tumepanga upya anwani za kurasa ili zisomeke vizuri. Anwani ya kupokelea majibu ilihama pamoja na zile nyengine, lakini Daraja bado ilikuwa ikipewa ile ya zamani. Majibu yote yalikuwa yakigonga mlango uliozibwa. Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Kulinganisha taarifa ya M-Pesa na oda moja baada ya moja, na kumrudishia kila aliyelipa mara mbili, kulituchukua mpaka daku.

Kanuni tunazofuata ni hizi: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike ulichobadilisha. Jaribu kwenye nakala ya pembeni kabla ya kugusa tovuti ambayo watu wanaitumia. Kabla ya kugusa chochote, hakikisha una nakala ya akiba, na iwe imewekwa mahali pengine, maana nakala iliyo kwenye seva ileile huzama pamoja na chombo. Nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha, usiihesabu. Na usifanye mabadiliko makubwa Ijumaa wala mkesha wa Idi.

"Ongeza kidogo tu"

Makosa ya mitambo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni watu, nasi ni miongoni mwao.

Mteja huja akitaka kurasa tano. Tunakubaliana bei. Wiki ya pili aomba sehemu ya habari, "kidogo tu". Wiki ya nne binamu yake amemwambia tovuti siku hizi lazima iuze. Mwezi wa pili yataka lugha tatu. Hakuna ombi hata moja lililo baya, na kila moja likija peke yake mtu huona haya kukataa, hasa ikiwa mteja ni rafiki wa baba yako. Mwisho wake kampuni ndogo hufanya kazi ya laki tatu kwa malipo ya elfu sitini, kazi hucheleweshwa, na mteja yuleyule uliyemwonea haya huwa wa kwanza kusema hamna ahadi.

Dawa tuliyoipata ni karatasi mbili. Ya kwanza huandikwa kabla ya kazi, nayo hutaja tutakachofanya na, muhimu zaidi, tusichofanya. Ya pili ni ya nyongeza: kila ombi jipya huandikwa, huwekewa bei na siku, na mteja huamua. Nusu ya maombi hufa hapo, kwa amani, bila mtu kumkatalia mwenzake. Mteja huyasoma akasema, "Hii tuiache hadi mwakani."

Kisha kuna suala la yaliyomo. Tovuti nyingi zinazochelewa huchelewa kwa kungoja picha na maneno kutoka kwa mwenyewe. Kila siku ni kesho. Mkataba wetu husema wazi kwamba siku za kazi huanza kuhesabiwa tukipokea picha na maandishi, si siku ya kulipa arubuni. Tangu tuandike hivyo, picha zaja mapema.

Tena kuna manahodha wengi. Tulitengeneza tovuti ya shule moja ambapo mwalimu mkuu alitaka rangi ya kijani, mwenyekiti wa kamati akataka buluu, na mfadhili akatuma sauti kwenye WhatsApp usiku wa manane akisema zote mbili hazifai. Tulipaka mara sita. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na siku hizi twaomba mteja atuandikie jina la mtu mmoja ambaye neno lake ndilo la mwisho. Wakubaliane wao kwao kwanza. Baada ya kila mazungumzo ya simu nasi huandika ujumbe mfupi: tumekubaliana hivi na hivi, kama nimekosea nisahihishe. Mistari mitatu hiyo imeokoa urafiki mwingi.

Funguo si rehani

Sasa niseme neno ambalo wenzangu wa kazi hii hawatalipenda. Baadhi yetu husajili jina la mteja kwa jina letu makusudi. Hoja yao naijua, kwa sababu nami niliwahi kuishika: mteja asipolipa, angalau nina kitu mkononi. Ni kweli wapo wateja wanaokimbia madeni. Tumeshachomwa na watatu.

Lakini kushika jina la biashara ya mtu ili alipe ni sawa na fundi wa mlango kubaki na ufunguo wa nyumba. Siku mkigombana, utamfungia nje mtu pamoja na wageni wake, barua zake na riziki ya wafanyakazi wake, kwa deni ambalo pengine ni la robo ya kazi. Na ukifa wewe, au ukisafiri, utamfungia bila hata ugomvi, kama alivyofungiwa yule mzee wa vipuri. Haki yako ilinde kwa mpangilio wa malipo. Sisi twachukua nusu kabla ya kuanza, robo sampuli ikikubaliwa, na robo siku ya makabidhiano kabla kurasa hazijafunguliwa kwa umma. Asiyelipa robo ya mwisho hatapata kurasa, lakini jina na barua zake ni zake tangu siku ya kwanza.

Siku ya makabidhiano twampa mteja daftari. Ndiyo, la karatasi. Ndani yake kuna jina limesajiliwa wapi na linaisha lini, seva iko kampuni gani na yalipiwa lini, barua pepe zakaa wapi, nakala za akiba ziko wapi, na malipo ya M-Pesa yapitia namba gani. Maneno ya siri hatuyaandiki humo wala hatuyatumi kwenye makundi ya WhatsApp. Huyaweka mwenyewe mbele yetu, na ya kwetu hufutwa kazi ikiisha. Tovuti inayokusanya majina na namba za watu inabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za watu zikiibwa na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, mwenye kuzishika ana saa 72 tangu ajue kumjulisha Kamishna wa Data. Huwezi kujua kama kumeingia mwizi ikiwa hujui ni watu wangapi wana ufunguo.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa mabadiliko: tarehe, kilichoguswa, aliyegusa. Fundi yeyote atakayekuja baada yetu ataanzia hapo. Wateja wengine hutuuliza kama hatuogopi kwamba wakiwa na vyote hivyo watatuhama. Wapo waliohama. Mmoja alirudi baada ya miezi minane, daftari mkononi, na fundi aliyekuwa naye alikuwa amejaza ukurasa wa mabadiliko vizuri sana. Tulianza kazi asubuhi hiyohiyo.

Yule mama wa Diani daftari lake analiweka kwenye droo ya mapokezi, pamoja na kitabu cha wageni. Mwaka jana tulipohitaji kuhama seva tena, nilimpigia wiki moja kabla. Aliniambia nisubiri, nikasikia droo ikifunguliwa na kurasa zikipekuliwa. "Haya mwanangu," akasema. "Barua zapitia mlango huu. Andika, nakusomea."

Nikaandika.